Mbega wa Sentimita 120

Michoro ililetwa karakanani kwangu siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa Septemba 2019, imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Niliitandaza juu ya meza ya kazi, nikaizuia pembe zote nne kwa patasi. Vibao 34. Kila kimoja kilikuwa kimetiwa rangi, kimeandikwa urefu, upana na unene kwa milimita, na kila kimoja kilikuwa na kivuli chake upande wa kushoto, kama vile jua la Pwani husimama pahali pamoja kutwa nzima. Chini, kwa herufi ndogo, maneno matatu ya kazi: mbao za mvule, sura ya kizamani, siku 60.

Hizo siku 60 nilizisoma mara mbili. Ubao mbichi ukiachwa ukauke wenyewe kivulini, hesabu tuliyorithi mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao zilizotakiwa zilikuwa za inchi mbili. Hesabu hiyo si sheria, na fundi mwenye tanuri la kukaushia anaweza kuipunguza sana, lakini mimi sina tanuri, na aliyechora hakuniuliza kama ninalo.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kazi nilifunzwa na mjomba wangu, aliyekuwa akichonga miimo ya milango na vizingiti, na aliyenizuia kushika patasi mwaka mzima wa kwanza. Nilinoa, nilifagia, nilipanga mbao. Karakana yangu sasa iko Mombasa. Nimechonga milango, viti, mabamba ya majina ya majahazi, mbao za hoteli. Lakini bustani ya burudani, yenye mitelezo ya maji na mabembea na nyumba ya giza ya kutishia watoto, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Iko kaskazini mwa Mombasa, kando ya bahari. Jina lake nitaliacha, maana yaliyotokea pale nimeyaona pia kwenye shule, zahanati na masoko niliyowahi kufanyia kazi, na sitaki mtu adhani ni tabia ya mahali pamoja.

Pamoja na michoro kulikuwa na picha 12 za kunionyesha hiyo sura ya kizamani. Kuta zilizobambuka chokaa. Milango ya mbao nzito. Vibao vilivyopauka, vyenye maandishi ya Kiswahili. Nikajua ni kwetu. Nikaanza kutafuta ni mtaa gani, baraza ya nani, nisiipate. Nikampigia simu msanifu wa bustani, binti mpole wa kutoka Nairobi.

“Shikamoo, mzee. Hapo si Lamu,” akaniambia. “Hiyo ni Harambe.”

Harambe ni mji wa kubuni. Uko Florida, Marekani, ndani ya Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Joe Rohde na wenzake walioisanifu walisafiri Afrika Mashariki, wakaitazama miji ya Pwani, Lamu ikiwemo, wakarudi na kujenga mji wenye ngome, maduka na hoteli, na wakautungia historia hata ukawa na mwaka wake wa uhuru, 1961. Kuta zilijengwa mpya kisha zikatiwa nyufa kwa makusudi. Rangi ilipakwa, ikakwanguliwa. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu waliopelekwa kutoka Afrika Kusini. Kutoka Harambe ndipo wageni hupanda magari ya Kilimanjaro Safaris kwenda kutazama wanyama.

Kwa hiyo picha za mji ulioigwa kutoka kwetu zilikuwa zimesafiri hadi kwangu ili nami niuige. Nilikaa nazo usiku ule. Sikuudhika, na nasema kweli. Niliona kazi iliyofanywa kwa heshima na kwa muda wa kutosha. Kitu kimoja tu kilinichoma, nacho ni herufi. Neno lenyewe ni harambee, lina e mbili mwishoni, na kila Mkenya huliona kwenye ngao ya taifa. Kule wameliandika kwa e moja, nalo limechongwa, limepigwa chapa, limeshonwa kwenye fulana. Nikajiambia, vibao vyangu havitatoka na kosa la namna hiyo.

Kimoja kilitoka nalo. Nieleze.

Orodha ya maandishi ilikuwa imetungwa kwa Kiingereza kwanza, kisha ikageuzwa. Kosa la kibao cha bwawa dogo, “watoto wadogo hairuhusiwi”, nililirekebisha mwenyewe, wala hakuna aliyelalamika. Lakini kulikuwa na mfereji mrefu wa maji unaozunguka bustani nzima, mtu hulala juu ya boya akachukuliwa taratibu. Kwenye mchoro uliitwa Mto Mvivu. Kwa Kiswahili chetu mvivu ni mtu aliyekataa kazi. Mto haukatai kazi. Nilipendekeza Maji Shwari. Bahari ikitulia hata chombo kikaonekana kama kimewekwa juu ya kioo, tunasema bahari shwari, na mtoto wa Pwani hahitaji kuelezwa. Binti msanifu alilipenda mno. Alilirudia kwenye simu kama mara tatu. Kisha akanyamaza, akasema majina yalipitishwa mwezi wa Juni, ramani za wageni zimeshachapishwa, na tiketi pia.

Nikalichonga. Herufi nane, kina cha robo inchi. Neno la rangi unaweza kulipangusa kwa petroli na kitambaa. Neno lililochimbwa haliondoki mpaka uurande ubao wote. Bibi mmoja niliyemkuta pale siku za mwanzo alisimama mbele ya kibao hicho, akamuuliza mwanawe, “Mto huu umefanyaje?” Mwanawe hakuwa na jibu.

Kuna jambo moja ambalo mpango ulilipokea, nalo nitalisimulia kwa urefu, kwa sababu lilinifundisha kwamba michoro si adui.

Herufi ya kuchimba husomwa kwa kivuli. Patasi inaingia ubaoni kwa mshazari kutoka upande huu, kisha upande ule, mpaka kuta mbili zikutane chini kama mfereji wenye sehemu ya chini iliyochongoka. Jua likipiga, ukuta mmoja unang’aa na mwenziwe unatiwa giza, na jicho la msomaji hushika ule mpaka baina ya nuru na giza. Bila mpaka huo hakuna herufi. Kuna ubao wenye mikwaruzo. Na kwetu sisi tulio karibu na ikweta, saa sita mchana jua huwa juu ya utosi. Mistari ya kulala, kama kichwa cha T na mikono ya E, hupata kivuli vizuri. Mistari ya kusimama hufifia. Herufi I hupotea nzima.

Kibao cha lango kuu, kikubwa kuliko vyote, kilichorwa kikiangalia kusini. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka Septemba jua la adhuhuri kwetu liko upande wa kaskazini, na ubao unaoangalia kusini hukaa ndani ya kivuli chake wenyewe. Msanifu alikuwa amechora nuru ya Desemba, mwezi wa ufunguzi, na Desemba ingekuwa sawa. Sikuweza kumweleza hayo kwa simu akaelewa. Basi nilichukua kipande cha mvule cha futi moja, nikachimba herufi moja tu, K, nikaondoka na matatu ya alfajiri hadi pale langoni. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Nikakipigilia kwenye nguzo, kikiangalia kusini, nikakaa chini ya mnazi na chupa ya chai.

Saa mbili asubuhi K ilionekana kwa shida, mguu wake wa chini tu. Saa nne ilikuwa hivyo hivyo. Adhuhuri haikuwepo. Wafanyakazi wa saruji walipita, nikawauliza mmoja mmoja pale wameona herufi gani. Mmoja alisema hajaona herufi, ameona ubao. Alasiri mkono wa juu ulitokea kidogo ukarudi. Nilipiga picha kila baada ya saa mbili, nikazituma zote kwa pamoja jioni.

Binti yule alinipigia usiku uleule. “Mzee, nimeona. Tufanyeje?” Tukakubaliana herufi zote za vibao vinavyoangalia kusini zipakwe ndani rangi ya maziwa, ingawa mchoro ulisema rangi ya mti peke yake. Aliandika badiliko lile, akalipeleka kwa mkandarasi likiwa na saini. Mpaka leo kibao kile kinasomeka mwaka mzima. Gharama yake ilikuwa makopo mawili ya rangi na siku yangu moja chini ya mnazi.

Sasa mbao. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha zuio likawa linaongezwa tena na tena. Halikuondolewa hadi 2023. Siliteti, misitu ilikuwa imeumizwa. Mvule tuliouona Mombasa miaka ile ulitoka Uganda na Kongo, na bei yake ilipanda kila mwezi, ilhali mkataba wangu ulikuwa wa bei moja. Shehena iliyoletwa na mkandarasi ilikuwa mbichi kiasi kwamba nilipoupiga ubao wa kwanza, maji yalichuruzika kwenye ncha ya patasi. Nilimwita mnyapara aone kwa macho yake. Aliona. Akasema tarehe ya ufunguzi haibadiliki.

Nilijaribu njia nyingine. Rafiki yangu mmoja alikuwa na mbao za jahazi kuukuu lililovunjwa ufukweni, mbao zilizokaa baharini miaka na mikaka, zimekunywa chumvi, zimekauka, zimerowa, zimekauka tena mpaka hazina pa kwenda. Ubao wa namna hiyo umemaliza ukaidi wake wote. Una rangi ya kijivu ambayo hakuna vanishi inayoweza kuitoa. Sura ya kizamani waliyoitaka ilikuwa humo ndani, haihitaji kukwanguliwa. Nilinunua kwa pesa zangu nikachonga vibao 6 vya mfano.

Mkaguzi alivikataa. Vilikuwa na matundu ya misumari, na fomu yake ilisema mbao zisiwe na tundu wala fundo. Nilimwonyesha nilivyoziba kila tundu kwa kijiti cha mti mgumu na kusawazisha kwa msasa. Alinisikiliza, si mtu mbaya, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika alichokiona. Mwishowe walivikubali kwa sehemu ambazo wageni hawapigi picha: vyoo, chumba cha huduma ya kwanza, ghala la maboya. Vile vibao vingine vyote vikabaki vya mvule mbichi.

Mapambo ya wanyama si kazi yangu. Mkono wangu ni wa nakshi na herufi, na mtu anayejua mpaka wa mkono wake hasumbui wateja. Kwa hiyo nilimchukua mwenzangu Mkamba, mchongaji wa Changamwe. Wakamba wanasimulia kwamba uchongaji wa vinyago waliletewa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akajifunza kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Mwenzangu huyu huchonga kwa mwarobaini. Wazee wake walichonga mpingo na muhugu mpaka muhugu ukaadimika, na yeye hataki mjukuu wake aikute hadithi hiyo imekwisha. Mwarobaini unaota kila ua, unakua haraka, na wadudu hawaupendi.

Kazi yake ilikuwa kibao cha kimo, nje ya hesabu ya vile 34. Mtelezo mrefu kuliko yote haumruhusu mtoto aliye chini ya sentimita 120, kwa sababu mwili mdogo hutupwa kwenye kona. Badala ya kuandika tu, mchoro ulitaka mnyama aliyesimama, mkono wake umenyooshwa. Mtoto apite chini ya mkono, na kama kichwa hakiufikii, arudi. Ulisema nyani. Sisi tukapendekeza mbega, yule mweusi mwenye mabega meupe anayeishi kwenye misitu ya Diani, wakakubali. Mwenzangu alimchonga kwa siku 9. Alimchonga bila vidole gumba, maana mbega hana; penye gumba ana kivimbe tu. Ujumbe ukaja kwamba mkono haujakamilika. Alijibu kwa upole kwamba waende Diani wakamwangalie.

Mkono ulichongwa peke yake na kuungwa begani kwa ulimi na tundu, kama tunavyounga miimo. Tulimpeleka Oktoba, akasimikwa kwenye zege mimi nikishika futi kamba: kutoka ardhini hadi chini ya kiganja, sentimita 120. Mnyapara akapima naye. Tukatia saini.

Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa kubwa kupita kawaida. Afrika Mashariki yote ilifurika. Karakanani mbao zilivimba, msasa ulijaa utepetepe, rangi haikukauka. Tulichonga usiku kwa taa. Sitaki kukaa hapo. Kila fundi aliyewahi kukimbizana na tarehe anajua mgongo unavyokuwa.

Siku moja kabla ya ufunguzi niliruhusiwa kuingia na mjukuu wangu. Alikuwa na miaka sita. Kila Idi humpima kwenye mwimo wa mlango wa karakana, nikapiga mstari kwa penseli, na Idi ya mwezi Juni mstari ulikuwa kwenye sentimita 110. Tulizunguka nikimwonyesha kazi, yeye anasoma kwa sauti. Tulipofika kwa mbega alikimbia akasimama chini ya mkono, akajinyoosha, kichwa kikagusa kiganja. Akapiga makofi. “Babu, nimefika!”

Nilicheka naye. Kisha kicheko kikaniisha. Mtoto haongezeki sentimita 10 kwa miezi sita. Nikatoa futi kamba mfukoni, nikaishusha kutoka kiganjani hadi chini. Sentimita 113.

Mbega hakuwa ameshuka. Ardhi ilikuwa imepanda. Novemba walikuja mafundi wa kabro, wakamwaga mchanga, wakatandika matofali ya sentimita 6, na baada ya kusawazisha sakafu ilikuwa imenyanyuka sentimita 7 kumzunguka. Walifanya kazi nzuri, mistari imenyooka, hakuna hata jiwe lililocheza. Mimi sikuwahi kupewa karatasi ya sakafu. Fundi wa kabro hakuwahi kupewa karatasi ya mbega. Kila mmoja wetu alikuwa amefuata mchoro wake bila kukosea hata milimita, na watoto walikuwa wataingia asubuhi.

Mnyapara alikuwa amechoka, na jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba kibao kimeshapokelewa, kina saini. Nikamwita mjukuu wangu. Nikamwambia asimame pale. Nikamwomba mnyapara atazame kile kichwa kidogo kinavyogusa kiganja, kisha atazame ile kona ya juu ya mtelezo. Alitazama kwa muda. Akanyamaza akaenda kuniletea taa.

Nilimpigia simu mwenzangu wa Changamwe. Alisema, “Pandisha bega, kaka, usiguse mkono.” Nikatoa ulimi kwa kugonga polepole na nyundo ya mti, nikaziba tundu la zamani kwa kipande cha mwarobaini kilichobaki, nikachimba jipya sentimita 7 juu. Bega la mbega likawa limeinuka, kama mtu anayeulizwa jambo asilolijua. Nilimaliza saa saba usiku. Mjukuu wangu alikuwa amelala juu ya boya kwenye benchi, hana furaha na mimi, kwa sababu sasa hakuwa amefika.

Nimelifikiria jambo lile miaka yote hii. Animal Kingdom wana mti wa kutengenezwa, futi 145 kwenda juu, umejengwa juu ya mifupa ya chuma iliyosanifiwa kama ya mitambo ya kuchimbia mafuta baharini, na shina lake lina wanyama zaidi ya 300 waliochongwa kwenye saruji. Wachongaji walikuwa na saa chache tu kabla saruji haijakauka, kwa hiyo walilazimika kuamua palepale juu ya jukwaa, patasi mkononi. Inasimuliwa kwamba Jane Goodall, aliyeanza kuwatafiti sokwe wa Gombe mkoani Kigoma mwaka 1960, alipoonyeshwa mti ule aliuliza: sokwe yuko wapi? Hakuwepo. Wakaongeza mmoja, David Greybeard, yule sokwe wa kwanza kumzoea kule Gombe, naye yupo mpaka leo karibu na mlango. Ule ulikuwa mradi wa pesa nyingi mno, na bado ulikuwa na nafasi ya mtu anayejua kusimama mbele ya kazi akauliza kilichokosekana, na jibu likawa kuchonga.

Hicho ndicho ninachokidai. Sidai pesa zaidi, ingawa pesa huwa hazitoshi. Nadai kwamba fundi aitwe wakati kalamu bado ina wino, siku wanapopanga ni ubao gani na ukauke wapi, lango liangalie wapi, nani anatandika nini chini ya miguu ya nani. Kwenye miradi mingi tunayofanyiwa na tunayofanya, fundi huitwa wa mwisho, wakati kila anachokijua hakiwezi tena kutumika, na anaitwa tena mambo yakiharibika, safari hii ili ajieleze. Binti msanifu hakuwa na kiburi. Alipoona K yangu alibadilisha mchoro usiku uleule. Angeniita Machi, nisingechonga Mto Mvivu.

Bustani ilifunguliwa Desemba, watu wakajaa. Januari na Februari upepo wa kaskazi ulivuma na jua likawaka, na mvule mbichi ukafanya kama kawaida yake. Ubao unaponywea, hunywea zaidi kwa upande wa duara za umri wa mti kuliko kwa upande wa kwenda moyoni, karibu mara mbili, na ukiwa umekazwa kwa skrubu pande zote hauna njia ila kupasuka. Nilikuwa nimeomba matundu ya skrubu yawe marefu kidogo, ubao upate kucheza. Waliofunga walikuwa na matundu ya mviringo kwenye mchoro wao. Nyufa zilipita katikati ya maneno. Kibao cha mgahawa kiligawanyika sehemu mbili. Asilimia 10 ya malipo yangu ilikuwa imezuiwa kwa dhamana ya miezi sita, nayo ikazuiwa moja kwa moja. Barua ilisema uchongaji hafifu. Neno hilo niliwahi kuliona likiandikwa juu ya wengine. Kulisoma juu ya mikono yangu mwenyewe kuliniuma kwa namna ambayo sina haja ya kuificha.

Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Masika yalivinyeshea vibao bila mtu wa kuvipaka mafuta. Niliporudi pale mwaka uliofuata, wasimamizi wapya waliniita kunipa kazi ya kutengeneza. Tulizunguka na daftari. Kati ya vile 28 vya mvule, 11 vilikuwa vya kutupa. Vile 6 vya jahazi vilikuwa sawa. Nilipitisha kiganja juu ya kibao cha chumba cha huduma ya kwanza, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, nikitafuta ufa kwa ngozi, kwa sababu ngozi huona kabla ya jicho. Hapakuwa na kitu. Meneja, kijana wa Malindi, aliuliza mbao zile zimetoka wapi na kama zipo nyingine.

Mbega alikuwa amepauka lakini amesimama, bega juu. Nilimpima. 120.

Sasa nyuma ya karakana nina banda la makuti lisilo na kuta. Nimepanga humo mbao, za jahazi na chache za mwembe na mbambakofi zilizoangushwa na upepo mashambani, kila ubao umetenganishwa na mwenziwe kwa vijiti ili hewa ipite. Ncha zake nimezipaka nta zisikauke haraka kuliko tumbo. Kwenye kila ncha kuna tarehe kwa chaki, siku ubao ulipoingia. Tarehe huandikwa na mjukuu wangu akija likizo, kwa mwandiko wake wa duara, kwa kuwa mimi nikiinama siku hizi huona taabu kunyanyuka. Zile za kwanza zimetimiza miaka miwili. Bado hakuna mtu aliyeziagiza.